Zumaridi: Asili ya Jiwe na Safari ya Jina Lake

Utangulizi

Neno zumaridi si geni kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Wazazi huwapa mabinti zao jina hilo. Wafumaji na wauza vitambaa hulitumia kutaja aina ya kijani kilichokolea, na msomaji wa Biblia hukutana nalo katika Ufunuo 21:19, pale ambapo zumaridi ni msingi wa nne kati ya misingi kumi na miwili ya mji mtakatifu. Katika utungo wa kusifu, zumaridi huwekwa bega kwa bega na lulu, yakuti, almasi na marijani. Hata hivyo, ni nadra kwa anayelitumia neno hili kujiuliza jiwe lenyewe hutoka wapi, na lilipataje rangi iliyolipa sifa.

Fasili iliyozoeleka ni kwamba zumaridi ni kito cha thamani chenye rangi ya kijani. Fasili hiyo haina kosa, lakini haitoshi. Yapo mawe mengi ya thamani yenye rangi ya kijani, baadhi yake yakichimbwa nchini Kenya na Tanzania, na ambayo si zumaridi hata kidogo. Makala haya yanadhamiria kueleza asili ya zumaridi: jina lake, maumbile yake, namna linavyoumbika ardhini, na mahali linapopatikana. Hoja inayoongoza maelezo haya ni kwamba kinachoitofautisha zumaridi na mawe mengine ya kijani ni historia ya kuumbika kwake, na kwamba historia hiyo yaweza kuelezwa kikamilifu kwa Kiswahili.

Jina na historia yake

Kiswahili kilipokea neno zumaridi kutoka kwa Kiarabu, ambamo jiwe hili huitwa zumurrud. Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilo la Kiarabu na neno la Kiyunani smaragdos, ambalo pia ndilo chanzo cha majina ya jiwe hili katika lugha nyingi za Ulaya. Kwa hiyo Mswahili, Mwarabu, Mhispania na Mfaransa wanapolitaja jiwe hili, wote hutamka matawi ya shina moja.

Waarabu wa zama za kati hawakuijua zumaridi kwa kusikia tu. Machimbo makongwe yaliyojulikana sana yalikuwa katika Jangwa la Mashariki la Misri, kati ya Mto Nile na Bahari ya Shamu, hasa katika bonde la Wadi Sikait. Machimbo hayo yalishughulikiwa tangu enzi ya wafalme wa nasaba ya Ptolemaio, yakaendelea chini ya Warumi, na Waislamu wakayarithi. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10 ambaye wanahistoria wa Uswahilini humtaja kwa maelezo yake kuhusu pwani ya Zanji, aliyaeleza pia machimbo hayo ya zumaridi yaliyopakana na nchi ya Wabeja. Mtu aliyewaandikia Waarabu habari za pwani hii ndiye huyo huyo aliyewaandikia habari za zumaridi.

Karne moja baadaye, al-Biruni aliandika kitabu kizima kuhusu vito. Wakati huo ilisadikiwa kwamba nyoka akiitazama zumaridi hupofuka. Al-Biruni hakuridhika na masimulizi. Alimjaribu nyoka kwa zumaridi kwa muda wa miezi tisa, na mwishowe akaeleza kwamba macho ya nyoka hayakupata dhara lolote. Vilevile alizungumzia suala la majina zumurrud na zabarjad, ambayo watu wa wakati wake waliyatumia kwa namna iliyochanganya mawe. Mkanganyiko huo haujaisha. Katika tafsiri ya Biblia ya Muungano, neno zabarajadi limetumika kwa msingi wa nane, mahali ambapo tafsiri nyingine nyingi hutaja berili. Na berili, kama itakavyoonekana, ndiyo mama wa zumaridi.

Zumaridi ni nini?

Zumaridi ni aina ya madini yanayoitwa berili. Berili imejengwa kwa elementi nne: beriliamu, aluminiamu, silikoni na oksijeni. Atomi zake hujipanga katika pete za pembe sita zilizopandana moja juu ya nyingine, na ndiyo maana fuwele ya zumaridi ambayo haijachongwa hufanana na kipande cha penseli chenye pande sita. Ugumu wake ni kati ya 7.5 na 8 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi hushika nafasi ya 10. Hivyo zumaridi hukwaruza kioo bila taabu, ingawa hupasuka kwa urahisi ikigongwa.

Berili iliyo safi kabisa haina rangi. Ikiingiwa na chuma huweza kuwa ya buluu ya bahari, nayo huitwa akwamarini. Ikiingiwa na manganizi huwa ya waridi. Ili iwe zumaridi, lazima iingiwe na kromiamu au vanadiamu, au zote mbili. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, mara nyingi hakifiki sehemu 2 kati ya 100 za uzito wa jiwe. Atomi chache za kromiamu hukaa katika nafasi ambazo zingekaliwa na aluminiamu, na hapo hunyonya sehemu ya mwanga mwekundu na wa manjano pamoja na ule wa zambarau, zikauacha wa kijani upite.

Ajabu ni kwamba kromiamu hiyo hiyo ndiyo inayoipa yakuti wekundu wake. Katika yakuti pia hukaa mahali pa aluminiamu, ila atomi za oksijeni zinazoizunguka huwa zimeibana zaidi, na mbano huo hubadilisha sehemu ya mwanga inayonyonywa. Elementi ni moja, lakini kwa kuwa makao ni tofauti, jiwe moja huwa jekundu na jingine kijani. Aliyegundua kuwapo kwa beriliamu ndani ya berili na zumaridi, mwaka 1798, alikuwa mkemia Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amegundua kromiamu. Hivyo mtu mmoja ndiye aliyetambua elementi zote mbili zinazohitajika ili zumaridi ipatikane.

Pale milima inapokutana

Wahenga walisema kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Asili ya zumaridi inaipinga methali hiyo, maana zumaridi haipatikani mpaka miamba miwili isiyo na uhusiano ikutane.

Ugumu uko hapa. Beriliamu ni elementi adimu. Katika gamba la juu la dunia, wastani wake ni kama sehemu 2 au 3 tu katika kila sehemu milioni moja za mwamba. Hiyo kidogo iliyopo hukusanyika katika mawe ya itale, na hasa katika pegmatiti, yaani mishipa ya mwamba wenye fuwele kubwa inayotokana na masalio ya mwisho ya itale iliyoyeyuka. Kromiamu nayo hukaa kwingine. Huwa kwa wingi katika miamba mizito na myeusi iliyotoka kina kirefu chini ya gamba la dunia, au katika sakafu za bahari za kale. Panapokuwa na beriliamu, kromiamu huwa haba. Panapokuwa na kromiamu, beriliamu haionekani. Ndiyo sababu berili isiyo na rangi hupatikana katika nchi nyingi, ilhali zumaridi hupatikana katika chache.

Njia ya kwanza ya kuumbika ni pale itale iliyoyeyuka inapopenya katika mwamba wenye kromiamu. Mfano bora barani Afrika uko katika eneo la Kafubu, Mkoa wa Copperbelt nchini Zambia. Miamba ya huko yenye kromiamu ni ya kale sana, na asili yake ni volkeno. Yapata miaka milioni 500 iliyopita, wakati vipande vya bara la Afrika vilipokuwa vikigongana na kuunganishwa, mishipa ya pegmatiti iliingia ndani ya miamba hiyo. Majimaji moto yaliyobeba beriliamu, florini na potasiamu yalitoka katika mishipa yakauingia mwamba mweusi. Palipokutana vitu hivi viwili, mwamba uligeuka kuwa ulanga mweusi, yale madini yanayobanduka katika magamba membamba yanayometameta. Ni katika ukanda huo wa ulanga, mara nyingi usio mpana, ambamo zumaridi iliota. Mchimbaji wa Kafubu haitafuti zumaridi kila mahali. Huutafuta mpaka wa miamba miwili, kisha huufuata.

Machimbo ya Kagem katika eneo hilo yamekuwa chini ya kampuni ya Gemfields tangu mwaka 2008, Serikali ya Zambia ikiwa na asilimia 25 ya hisa. Yametoa fuwele zilizopewa majina ya Kibemba: Insofu, yaani ndovu, ya karati 6,225, mwaka 2010, Inkalamu, yaani simba, ya karati 5,655, mwaka 2018, na Chipembele, yaani kifaru, ya karati 7,525, mwaka 2021. Karati 5 ni sawa na gramu 1, hivyo Chipembele ina uzito wa kilo moja na nusu. Mwanafunzi wa isimu linganishi atatambua upesi kwamba insofu ya Wabemba na ndovu wa Waswahili ni maneno ya ukoo mmoja.

Njia hii ya kwanza ndiyo iliyozalisha zumaridi za Misri, za Sandawana nchini Zimbabwe, za Mananjary nchini Madagaska, na zile za magharibi mwa Ziwa Manyara nchini Tanzania. Tofauti kubwa ni ya umri. Zumaridi za Gravelotte nchini Afrika Kusini zina umri unaokaribia miaka bilioni 3, nazo ni miongoni mwa kongwe kabisa zinazojulikana. Zile za Khaltaro nchini Pakistani zina miaka milioni 9 tu, maana milima iliyozizaa bado ni michanga.

Fumbo la Kolombia

Kwa muda mrefu, zumaridi zilizosifiwa kupita zote, za Muzo na Chivor nchini Kolombia, ziliwatatiza wataalamu. Huko hakuna pegmatiti karibu, wala hakuna ule mwamba mweusi wa kutoka kina cha dunia. Kuna mwamba tope mweusi tu, ambao ulikuwa matope ya chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 110 iliyopita, pamoja na matabaka ya chumvi.

Jibu lilipatikana katika maji. Milima ya Andes ilipoanza kujikunja na kuinuka, maji yaliyopita katika matabaka ya chumvi yalisukumwa kupitia nyufa yakiwa na joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Maji hayo ya chumvi yaliyeyusha na kukusanya beriliamu, kromiamu na vanadiamu zilizokuwa zimetawanyika kwa uchache mno ndani ya mwamba tope. Yalipokutana na mabaki ya viumbe vya kale yaliyomo katika mwamba huo, mabadiliko ya kikemikali yalitokea, na maji yakaitua mizigo yake. Nyufa zikajaa madini meupe ya kalisaiti, na ndani yake zikaota fuwele za kijani. Zumaridi za upande wa Chivor zina umri wa yapata miaka milioni 65, na za upande wa Muzo kati ya milioni 38 na 32.

Kwa hiyo, sharti la msingi halikubadilika. Huko Zambia miamba miwili ilikutanishwa kwa moto. Huko Kolombia elementi zilizotawanyika zilikutanishwa kwa maji. Katika hali zote mbili, pasingekuwa na mkutano pasingekuwa na zumaridi.

Bustani ndani ya jiwe

Kwa kuwa zumaridi huumbika mahali ambapo ardhi inapasuka, inakunjika na kusukumana, ni nadra kupata iliyo safi. Ndani yake huwa na nyufa ndogo, vipande vya ulanga na vipovu vya maji. Wafanyabiashara wa vito huziita alama hizo bustani, kwa jinsi zinavyofanana na majani na mizizi zikitazamwa kwa lenzi. Ili kuzificha nyufa, zumaridi nyingi hutiwa mafuta, hasa ya mwerezi, jambo ambalo muuzaji mwaminifu humfahamisha mnunuzi.

Kwa mchongaji, alama hizo ni kasoro. Kwa mtafiti ni cheti cha kuzaliwa. Zumaridi ya Kolombia mara nyingi huwa na kishimo kidogo mno chenye vitu vitatu pamoja: maji, kipovu cha gesi na mchemraba wa chumvi. Hayo ni yale maji ya kale yaliyofungiwa humo siku jiwe lilipoumbika. Zumaridi ya Zambia au Manyara, kwa upande wake, mara nyingi hubeba vipande vya ulanga. Aidha, uwiano wa isotopu za oksijeni katika jiwe hutofautiana kutoka machimbo hadi machimbo. Mwaka 2000, watafiti walipima zumaridi za kihistoria kwa njia hiyo. Hereni ya zama za Warumi iliyopatikana nchini Ufaransa ilionekana kubeba zumaridi kutoka bonde la Swat, katika Pakistani ya leo. Na baadhi ya zumaridi za hazina ya Nizamu wa Hyderabad, zilizodhaniwa kutoka machimbo ya kale yaliyopotea ya Asia, zilibainika kuwa zimetoka Kolombia.

Matokeo hayo ya pili yana historia chungu nyuma yake. Wahispania waliyafikia machimbo ya Chivor mwaka 1537, na baadaye wakawashinda watu wa Muzo na kuwafanyisha kazi kwa nguvu katika machimbo yao wenyewe. Wengi waliangamia. Mawe yakavuka bahari hadi Ulaya, kisha hadi India, ambako wafalme wa Mughal waliyachora maandishi ya dua na maua. Hata katika karne ya 20, koo za wachimbaji wa Kolombia zilipigana na kuuana kwa ajili ya machimbo mpaka mapatano ya amani yalipofikiwa mwaka 1990.

Kijani kisicho zumaridi

Huku Afrika Mashariki, suala la kutofautisha mawe haya linawagusa watu moja kwa moja. Mnamo mwaka 1967, mtaalamu wa miamba Campbell Bridges alipata jiwe la kijani kibichi kaskazini mwa Tanzania, kisha akalipata Taita-Taveta nchini Kenya mwanzoni mwa muongo wa 1970. Mwaka 1974 lilitangazwa sokoni kwa jina la tsavoriti, kutokana na Tsavo. Rangi yake hutokana na vanadiamu na kromiamu, zile zile zinazoipaka zumaridi. Lakini tsavoriti si berili. Ni aina ya ganeti. Haina beriliamu wala haikuhitaji itale. Iliumbika pale matope ya kale yenye chokaa na mabaki ya viumbe yalipopikwa kwa joto na shinikizo katika ukanda wa miamba unaotoka Msumbiji hadi Kenya. Mara nyingi huwa safi kuliko zumaridi, na haihitaji kutiwa mafuta.

Yapo pia turmalini ya kijani na mawe mengine. Mchimbaji mdogo asiye na jina sahihi la alichokishika mkononi hukitegemea kinywa cha mnunuzi kumwambia ni nini na kina thamani gani. Wahenga walikwisha kuonya kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu, lakini onyo hilo halimsaidii asiyejua dhahabu yenyewe hutambuliwaje. Mara nyingi maarifa haya huandikwa katika lugha asiyoisoma, ilhali mazungumzo ya bei hufanyika kwa Kiswahili.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba zumaridi ni berili iliyopata rangi kwa kromiamu au vanadiamu, na kwamba huumbika tu pale elementi zinazokaa mbalimbali zinapokutanishwa, ama na mishipa ya itale kama Kafubu na Manyara, ama na maji moto ya chumvi kama Muzo. Yameonyesha pia kwamba kasoro zilizo ndani ya jiwe ndizo zinazofichua kwao. Maelezo hayo yamewezekana kwa maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari, kama vile itale, ulanga, fuwele, mshipa na chokaa, pamoja na machache yaliyotoholewa.

Kilichobaki ni kazi ya wanaleksikografia. Neno zumaridi linastahili fasili itakayomfaa mshairi na mchimbaji kwa pamoja, na inayopendekezwa hapa ni hii: zumaridi, nomino ya ngeli ya I-ZI, kito cha aina ya berili chenye rangi ya kijani inayotokana na kromiamu au vanadiamu. Tsavoriti nayo, jiwe lililopewa jina la mahali palipo nchini Kenya, ipewe kidahizo chake yenyewe.